MBWA WA NASABA: KABLA HUJATOA FEDHA, ULIZA HABARI ZA MAMA YAKE

Ndugu msomaji, tuseme ni Jumapili kama ya leo. Umekwisha kunywa chai, watoto wanacheza uani, nawe umekaa barazani ukiupumzisha mwili baada ya kazi za juma zima. Mara unasikia hodi langoni. Ni kijana nadhifu, mwenye maneno matamu, na mkononi amechukua kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Anapokifunua, watoto wanapiga ukelele wa furaha. Ndani yake mna mtoto wa mbwa, mweusi mgongoni, miguu ya rangi ya kahawia, masikio yake bado yamelala.

"Huyu ni Mjerumani halisi, mzee," kijana anakuambia. "Baba yake alitoka ng'ambo. Subiri miezi sita tu. Hakuna mwizi atakayethubutu kukanyaga hapa."

Bei anayoitaja si ndogo, lakini yuko tayari kukupunguzia kwa sababu, asema, amekupenda. Watoto wanakutazama. Mama watoto anakutazama. Hata yule mtoto wa mbwa anakutazama. Ni shauri la dakika kumi, lakini matokeo yake yatakaa nawe kwa miaka kumi au zaidi, maana huo ndio umri wa kawaida wa mbwa mkubwa aliyetunzwa vizuri. Na kama shauri hilo litakwenda kombo, hasara haitakuwa ya fedha peke yake. Atakayelia kwanza ni mtoto wako, siku ile utakapomweleza kwa nini rafiki yake hawezi tena kuinuka.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya dakika kumi hizo. Pia yanamhusu ndugu yetu mwingine, yule ambaye tayari ana mbwa jike mzuri, na ambaye jirani zake wamekuwa wakimnong'oneza kwamba akimpandisha atapata fedha za haraka.

NASABA NI NINI?

Watu wengi wanaposema "mbwa wa nasaba" wana maana ya mbwa mkubwa, mkali na wa bei kubwa. Maana hiyo si sahihi. Nasaba ni kumbukumbu. Mbwa wa nasaba ni yule ambaye wazazi wake wanajulikana, wazazi wa wazazi wake wanajulikana, na habari hizo zimeandikwa katika daftari linalotunzwa na chama kinachoaminika. Chama cha kwanza cha namna hiyo kilianzishwa London mwaka 1873, na mwaka uliofuata kikatoa daftari lake la kwanza la nasaba. Katika eneo letu la Afrika ya Mashariki kuna chama cha East Africa Kennel Club, chenye makao yake Nairobi, ambacho huandikisha mbwa wa nasaba na kuwafanyia maonyesho.

Huyo "Mjerumani" wa kikapuni naye ana historia yake. Mwezi Aprili, 1899, Kapteni Max von Stephanitz alikuwa katika maonyesho ya mbwa huko Karlsruhe, Ujerumani, alipomwona mbwa mmoja wa wachungaji wa kondoo aliyempendeza kwa nguvu, akili na utii. Akamnunua papo hapo, akampa jina la Horand von Grafrath, na mwezi huo huo kikaundwa chama cha mbegu hiyo, Horand akiwa wa kwanza katika daftari lake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza, kwa kuchukia kila kitu chenye jina la Kijerumani, wakambadilisha jina wakamwita Alsatian, na ndiyo maana wazee wetu wengi walimjua kwa jina hilo. Lakini jambo la kukumbuka ni kwamba von Stephanitz hakutafuta uzuri wa manyoya. Alitafuta mbwa awezaye kufanya kazi kutwa nzima bila kuchoka.

Kwa hiyo, mtu akikuambia kwamba mbwa wake ni wa nasaba, swali lako la kwanza liwe jepesi: "Daftari liko wapi?" Kama hakuna hati, huenda mbwa huyo ni mzuri na mwenye afya, lakini hakuna sababu ya kulipa bei ya nasaba isiyokuwepo. Na hata kama hati ipo, usidhani kwamba mambo yamekwisha. Hati inakueleza mbwa ametoka wapi. Haikuelezi kama ni mzima.

FUNZO KUTOKA MISITU YA KONGO

Huenda msomaji akadhani kwamba nasaba ni mambo ya Wazungu peke yao. La hasha. Miongoni mwa mbwa wa nasaba wanaotukuzwa sana Ulaya na Marekani yumo mmoja aliyezaliwa katika misitu ya Kongo. Ni mbwa mdogo, mwenye masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja juu ya mgongo na paji la uso lenye makunyanzi kama la mtu mwenye mawazo. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti inayokaribia kuimba. Wawindaji wa huko walimfunga njuga ya mti shingoni ili wamsikie alipo katika kichaka. Wazungu walimwita Basenji, na neno hilo ni ndugu wa neno letu "washenzi". Tazama basi mambo ya dunia: mbwa ambaye kwa jina ni mshenzi, leo hati yake ya nasaba inawekwa katika fremu ya kioo!

Basenji wa kwanza waliofikishwa Uingereza mwishoni mwa karne ya kumi na tisa walikufa kwa distempa, maradhi ambayo siku hizi yana chanjo. Ilipofika mwaka 1937 mbwa hao walioneshwa tena London katika maonyesho ya Crufts, na watu wakamiminika kuwatazama. Mwaka 1943 wakaingizwa katika daftari la nasaba la Marekani. Baada ya hapo mlango ukafungwa. Maelfu ya Basenji waliozaliwa ng'ambo katika miaka iliyofuata walitokana na mbwa wachache tu waliotolewa Afrika.

Hapo ndipo msiba ulipoanza. Ukoo ukiwa mdogo na mlango umefungwa, ndugu huoana na ndugu hata kama hapana mtu aliyekusudia. Pakazuka ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Mbwa mwenye ugonjwa huo hupoteza sukari na virutubisho vingine katika mkojo, hunywa maji mengi kupita kiasi, hukonda, na asipotibiwa hufa. Ubaya wake mkubwa ni kwamba aghalabu hujitokeza mbwa akiwa na umri wa miaka minne hadi saba, yaani wakati amekwisha kuzaa na watoto wake nao wamekwisha kuzaa. Mfugaji mwaminifu aliweza kuusambaza ugonjwa kwa miaka mingi bila kujua.

Wapenzi wa mbegu hiyo walifanya nini? Walifanya mambo mawili yanayofaa kuigwa. Kwanza, mnamo miaka ya 1987 na 1988 walisafiri hadi kaskazini mashariki ya Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakachukua mbwa wapya kutoka vijijini, na mwaka 1990 daftari la Marekani likafunguliwa ili damu hiyo mpya iingie. Pili, waliwasaidia wataalamu wa Chuo Kikuu cha Missouri kutafuta chanzo cha ugonjwa, na kuanzia mwaka 2007 kikapatikana kipimo kinachoweza kuonesha ni mbwa gani anayebeba kasoro hiyo kabla hajapandishwa.

Funzo ni hili: mbwa wa vijijini, wasio na hati yoyote, ndio waliokwenda kuwaokoa jamaa zao wenye hati. Wanaomdharau mbwa koko na walifikirie jambo hilo.

JINSI KASORO INAVYOJIFICHA

Labda utauliza: inawezekanaje mbwa wawili wazima wakazaa mtoto mgonjwa? Jibu lake si gumu, na kila mfugaji anapaswa kulifahamu.

Kila mbwa hurithi chembe za urithi mbili mbili, moja kutoka kwa baba na ya pili kutoka kwa mama. Kwa maradhi kama Fanconi, chembe moja nzima inatosha kumlinda mbwa. Basi mbwa mwenye chembe moja nzima na moja mbovu haumwi, hukimbia na kucheza kama wenzake, lakini amebeba kasoro. Sasa wabebaji wawili wakikutana, kila mtoto wao huwa na nafasi moja katika nne ya kurithi chembe mbovu pande zote mbili na kuugua, nafasi mbili katika nne za kuwa mbebaji kama wazazi wake, na nafasi moja ya kuwa safi kabisa. Lakini mbebaji akipandishwa na mbwa safi, hapana mtoto hata mmoja atakayeugua. Ndiyo sababu wataalamu hawasemi kwamba kila mbebaji atupwe. Wanasema apimwe, ajulikane, na achaguliwe mwenzi anayemfaa.

Ndugu wa damu hufanana katika mengi, na wabebaji wa kasoro moja hupatikana kwa urahisi zaidi ndani ya ukoo mmoja. Ukimpandisha kaka na dada, au baba na binti, umezikaribisha chembe mbovu zikutane. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2009 kile chama cha London hakiandikishi watoto waliozaliwa na ndugu wa baba na mama mmoja, wala na mzazi na mtoto wake.

Yapo maradhi mengine yasiyokuwa na hesabu nyepesi kama hiyo. Kwa Mjerumani wetu, lile la kuogopwa zaidi ni ugonjwa wa nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika tundu lake. Hucheza, husuguana, na hatimaye huleta maumivu makali ya viungo. Mbwa huanza kuruka ruka kama sungura anapokimbia, huona taabu kupanda ngazi, na mwishowe miguu ya nyuma hukataa kumbeba. Ugonjwa huu hutokana na urithi wa chembe nyingi pamoja na malezi: mtoto wa mbwa aliyeshibishwa kupita kiasi na kunenepa upesi huumia zaidi. Njia ya kuutambua ni picha ya eksirei. Huko Marekani ipo taasisi, iliyoundwa mwaka 1966, inayokagua picha hizo, nayo haitoi hati ya mwisho mpaka mbwa atimize miezi 24. Basi mtu anayempandisha jike wa mwaka mmoja hajui anazalisha nini.

MASWALI YA KUMWULIZA MUUZAJI

Turudi langoni kwetu. Kijana bado amesimama na kikapu chake. Mkaribishe maji, kisha mwulize maswali haya bila haya.

La kwanza: mama yake yuko wapi? Ukitaka kumjua mtoto, mtazame mama. Nenda hadi alipozaliwa. Mwone jike huyo kama amelishwa vizuri, kama ni mtulivu mbele ya wageni, na kama mahali anapolala ni pasafi. Muuzaji akikupa udhuru mara tatu, leo mama amesafirishwa, kesho yuko shamba, keshokutwa ni mkali mno kwa wageni, basi muage kwa heri.

La pili: ana umri gani? Mtoto wa mbwa hapaswi kutengwa na mama yake kabla ya kutimiza majuma manane. Si suala la maziwa peke yake. Katika majuma hayo mama na ndugu zake humfundisha adabu ya mbwa, hasa asiume kwa nguvu. Aliyenyang'anywa mama mapema aghalabu hukua mwoga, na mbwa mwoga huuma kuliko mbwa shujaa.

La tatu: amekwisha kupewa dawa na chanjo zipi, na ziliandikwa wapi? Dawa ya minyoo huanza mtoto akiwa na majuma mawili, ikarudiwa kila baada ya majuma mawili mpaka atimize majuma manane. Chanjo ya distempa na ya parvo huanza katika majuma sita hadi manane, nayo hurudiwa kila majuma matatu au manne mpaka atimize kama majuma kumi na sita. Parvo ni ugonjwa wa kuhara damu uliotambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na huweza kumwua mtoto wa mbwa kwa siku chache tu. Virusi vyake hukaa ardhini kwa miezi mingi. Muuzaji anayetembeza mtoto asiye na chanjo mtaa kwa mtaa katika kikapu anaweza kuwa anauza maiti inayopumua.

La nne: wazazi wake wamepimwa nini? Omba kuona kwa macho yako. Mfugaji wa kweli hatakasirika, bali atafurahi, kwa kuwa amegharimia vipimo hivyo na anataka mtu wa kuvithamini.

La tano ni la kugeuza: yeye amekuuliza nini? Mfugaji mwema huuliza maswali mengi kuliko mnunuzi. Nyumba yako ina ua? Nani atashinda na mbwa? Una watoto wa umri gani? Ukihama utamfanyaje? Naye huahidi kwamba likikushinda utamrudishia, hatakuacha umtupe barabarani. Muuzaji asiyeuliza lolote isipokuwa fedha, huyo ni mchuuzi, si mfugaji.

KAMA UNA JIKE NAWE UNAFIKIRIA KUMPANDISHA

Sasa tuzungumze na yule ndugu mwenye jike. Jirani amekwisha kukupigia hesabu: watoto wanane, mara bei ya kila mmoja, jumla hiyo hapo! Hesabu hiyo ina upande mmoja tu. Chukua kalamu uandike na upande wa pili: vipimo vya wazazi, malipo ya dume, chakula cha mama ambacho wakati wa kunyonyesha huongezeka mara mbili au zaidi, dawa za minyoo za mama na watoto, chanjo, daktari wa mifugo endapo uzazi utakuwa mgumu, na chakula cha watoto wale ambao hawakupata mwenyewe kwa wakati. Wafugaji wengi waaminifu watakuambia kwamba mwisho wa yote mfuko hubaki ulivyokuwa, au umepungua.

Kama baada ya hesabu hiyo bado unaitaka kazi, ifanye kwa heshima yake. Usimpandishe jike katika joto lake la kwanza. Bado ni mtoto. Ngoja akomae, apimwe, na daktari athibitishe. Mpe nafasi ya kupumzika baada ya kila uzao. Jike anayezalishwa mfululizo hudhoofika, na watoto wake huzaliwa wanyonge.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Saa 24 kabla ya kuzaa, joto la mwili wake, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, hushuka kufikia nyuzi 37 au chini yake. Mwandalie mahali pakavu, pa giza kidogo, pasipo na kelele wala upepo. Ukiona anasukuma kwa nguvu kwa nusu saa bila mtoto kutoka, au zimepita saa mbili kati ya mtoto na mtoto na unajua wengine wamo, usingoje asubuhi. Mwite daktari. Watoto wa mbwa katika siku zao za mwanzo hawawezi kujitia joto wenyewe, kwa hiyo baridi ya usiku mmoja inaweza kuwaua wote. Na mama akifa, wewe ndiwe mama: watahitaji maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana.

Kuna mbegu ambazo ni heri mtu wa hali ya kawaida asiziguse. Mbwa wenye pua bapa, kama Bulldog, huhema kwa taabu katika joto la pwani, na majike wao wengi hawawezi kuzaa bila kupasuliwa. Uzuri unaomnyima mnyama pumzi ni uzuri gani?

Na kama huna haja ya kuzalisha, zungumza na daktari juu ya kumhasi dume au kumfunga jike kizazi. Mbwa wengi wanaorandaranda majalalani ni watoto, au watoto wa watoto, wa mbwa waliokuwa na wenyewe ambao hawakufunga lango.

WAJIBU WA MWENYE MBWA

Umemnunua, umemleta nyumbani, watoto wameshampa jina. Kazi ndiyo kwanza inaanza.

Wajibu wa kwanza hauna mjadala: chanjo ya kichaa cha mbwa. Mpe akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha irudie kama daktari atakavyoagiza, kwa kawaida kila mwaka. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na kwamba katika kila wagonjwa mia, 99 huambukizwa na mbwa. Kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, asilimia 40 ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikisha kujitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini ugonjwa huo huo huzuilika: ikiwa asilimia 70 ya mbwa wa mahali wamechanjwa, maambukizo hukatika.

Kata maneno haya uyabandike ukutani. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apewe chanjo. Usitie mafuta ya taa, majani wala pilipili. Usisubiri kuona kama mbwa ataugua. Chanjo ya kwanza kwa binadamu ilitolewa na Louis Pasteur mwaka 1885 kwa mtoto wa miaka tisa. Ni aibu kwetu, baada ya zaidi ya karne nzima, mtoto kufa kwa sababu mzazi alichelewa.

Wajibu wa pili ni malezi. Samaki mkunje angali mbichi. Kati ya juma la tatu na la kumi na nne mtoto wa mbwa hujifunza nini cha kuogopa na nini cha kuzoea. Katika siku hizo mwoneshe watu wa kila aina, mwenye kofia, mwenye baibui, mwenye baiskeli, wazee kwa watoto. Lakini mpaka chanjo zake zitimie, usimshushe ardhini pasipo salama. Mfundishe kwa kumsifu na kumtuza, si kwa kumpiga. Wapo wanaomfunga mbwa kwa mnyororo mchana kutwa ili "awe mkali". Mbwa wa namna hiyo hawi mlinzi. Huwa mfungwa mwenye hasira, na siku mnyororo utakapokatika hatachagua kati ya mwizi na mtoto wa jirani. Nchini Tanzania iko Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo kwayo ukatili kwa mnyama ni kosa.

Wajibu wa tatu ni matunzo ya kila siku. Ugali mtupu haumjengi mbwa. Anahitaji nyama, dagaa au mayai pamoja na nafaka, na maji safi wakati wote. Mifupa ya kuku iliyopikwa humchoma tumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake. Mkague kupe kila jioni, hasa masikioni na kati ya vidole, kwa kuwa kupe huleta homa za damu ambazo mbwa wa mbegu za kigeni huzimudu kwa shida kuliko mbwa wetu wa kienyeji. Katika sehemu zenye mbung'o, kumbuka kwamba nagana haiwaui ng'ombe peke yao. Kinyesi chake kizoe na ukifukie, maana mayai ya minyoo huingia udongoni, na watoto hucheza na udongo.

Wajibu wa nne ni kwa jirani. Si kila mtu anapenda mbwa, wala halazimiki. Wapo majirani ambao dini yao huwataka wajiepushe na mate ya mbwa, na mbwa anayeingia kwenye ua wao au kuwanusa njiani kwenda kusali anawakosea heshima, ingawa mwenye makosa hasa ni wewe uliyemfungulia. Funga lango. Mtembeze kwa kamba. Akibweka usiku kucha, tafuta sababu: mbwa mpweke hubweka, na mbwa mwenye njaa hubweka.

TURUDI LANGONI

Ndugu msomaji, kijana wa kikapu bado anangoja jibu lako. Amekwisha kupunguza bei mara ya pili. Huna haja ya kumtukana wala kumfukuza. Mwambie tu: "Nipeleke nikamwone mama yake."

Akikubali, nenda, na usibebe fedha siku hiyo. Tazama, uliza, rudi nyumbani, mlale na shauri lenu. Akikataa, amekwisha kukujibu. Watoto watanuna siku mbili, si neno. Ni afadhali wanune leo kwa sababu hawakumpata, kuliko wamlilie baada ya juma moja kando ya shimo ulilomchimbia nyuma ya nyumba.

Na kama utaona kwamba gharama za nasaba ni mzigo usioweza kuubeba kwa miaka kumi, kumbuka wale mbwa wa vijijini vya Kongo. Yumkini katika mtaa wako huo huo yuko jike wa kienyeji, mwenye afya, ambaye watoto wake hawana pa kwenda. Mchukue mmoja akitimiza majuma manane. Mchanje, mlishe, mfundishe, mpe jina. Hatakuwa na hati ya kutia katika fremu ya kioo, lakini usiku, mtu asiyemjua atakapogusa lango lako, atabweka.